Pima Taa Ikiwaka

Ukungu wa Mlima Kenya unaposhuka Kanja jioni, dereva wa pikapu ya majani chai huwasha taa akakuta moja imefifia, njano kama kibatari. Hununua balbu. Hali ikibaki ile ile, hununua betri. Pesa zimekwenda na taa ni ile ile.

Mara nyingi ubovu hauko kwenye betri wala balbu, uko kwenye waya unaorudisha umeme bodini, ule ambao mafundi huuita erthi. Mvua za Machi hadi Mei, kisha za Oktoba hadi Desemba, hurusha maji na matope hadi kwenye bolti inayoubana waya huo. Kutu huota chini yake, mahali jicho halifiki.

Kutu kidogo tu hutosha. Balbu ya wati 55 huvuta takriban ampea 4.6 kwenye volti 12. Kizuizi cha nusu omu kwenye erthi hula karibu volti 2, na mwanga hupungua karibu nusu. Kwenye kona za barabara ya Embu kwenda Meru, usiku, nusu hiyo ndiyo inayomwonyesha dereva mtoto anayevuka.

Hapa ndipo wengi hukosea: huchomoa balbu, hupima waya, mita ikasoma volti 12, wakasema umeme upo. Umeme usiotembea haupotezi kitu njiani, kwa hiyo kipimo hicho hakifichui kutu. Taa iachwe ikiwaka. Waya mweusi wa mita uguse kichwa hasi cha betri, mwekundu uguse mguu wa erthi wa balbu. Mita ikisoma volti 0.2 au chini, erthi ni nzima. Ikisoma 2, ugonjwa umepatikana: fungua bolti, sugua kwa msasa hadi chuma king'ae, kaza, upime tena.

Betri nzima iliyojaa na kupumzika husoma karibu volti 12.6, na injini ikinguruma, kati ya 13.8 na 14.5. Ikibaki 12 injini ikiwa inazunguka, chunguza alteneta, mkanda wake na nyaya zake.

Fyuzi ikikatika tena baada ya kubadilishwa, tafuta shoti. Kuifunga kwa karatasi ing'aayo ya pakiti ya sigara ni kuuacha waya uungue ndani ya dashibodi, abiria wakiwa wameketi.

Kabla ya kulipia kifaa kipya, mwombe fundi akuonyeshe namba kwenye mita, taa ikiwaka.