SOMO LA AFYA: MAJI NA UPEPO HUONGEZA BARIDI

Wengi wetu hudhani kwamba baridi huua pale tu maji yanapoganda na kuwa barafu. Sivyo. Mtu anaweza kufa kwa baridi siku ambayo asubuhi yake ilikuwa na jua zuri. Anaweza kufa hata mahali ambapo maji hayagandi. Mambo yanayomwua ni matatu: kulowa, kupigwa na upepo, na kukosa mahali pa kujikinga.

Ili tulielewe jambo hili, leo twende mbali kidogo. Twende kwenye nyanda za kaskazini za Amerika. Watu wa huko wamejifunza somo hili kwa uchungu.

NCHI YENYEWE

Nyanda hizo ziko katikati ya bara la Amerika ya Kaskazini. Katika Marekani ziko kwenye majimbo kama North Dakota, South Dakota na Montana. Kisha zinaendelea hadi Kanada. Ni nchi tambarare ya ngano na ng'ombe. Miti ni michache, na nyumba za wakulima ziko mbalimbali. Mji mmoja wa huko unaitwa Fargo. Siku hizi wanaishi humo pia watu waliotoka Kongo na Burundi, na baadhi yao husema Kiswahili.

Mwaka wa huko una majira manne. Desemba, Januari na Februari ni miezi ya baridi kali. Theluji hufunika ardhi yote. Machi, Aprili na Mei ni majira ya machipuko. Theluji huyeyuka, majani huchipua na ng'ombe wengi huzaa.

Lakini hali ya hewa ya majira haya ni kigeugeu. Kwa nini? Upande wa kaskazini hakuna milima ya kuzuia hewa baridi itokayo kwenye nchi za barafu. Upande wa kusini pia hakuna milima ya kuzuia hewa ya joto yenye unyevu kutoka Ghuba ya Meksiko. Hewa hizi mbili hukutana juu ya nyanda na kushindana. Leo inashinda ya kusini, kesho inashinda ya kaskazini.

WIKI MOJA YA APRILI

Tuchukue mfano wa wiki moja. Si kila wiki huwa hivi, lakini wakulima wa huko wanaijua wiki ya namna hii.

Jumatatu jua linawaka. Theluji inayeyuka na njia zinajaa matope. Watu wanavua makoti mazito. Watoto wanacheza nje na nguo nyepesi.

Jumanne upepo unavuma kutoka kusini. Joto linazidi. Mtu asiyejua atasema, "Baridi imekwisha." Mkulima mzee hasemi hivyo. Anasikiliza redio apate habari za hali ya hewa.

Jumatano mvua inanyesha. Upepo unageuka na kutoka kaskazini. Mkulima yuko malishoni kwa sababu ng'ombe wake wanazaa. Nguo zake zimelowa. Hii ndiyo siku ya hatari kubwa, ingawa theluji haijaanguka bado.

Alhamisi mvua inageuka kuwa theluji. Upepo mkali unaipeperusha hata mtu haoni mkono wake mwenyewe. Hii ni dhoruba ya theluji. Mtu anaweza kupotea kati ya nyumba yake na zizi lake. Aliye njiani akikwama ndani ya gari, anashauriwa abaki humo humo, maana gari huonekana kwa urahisi kuliko mtu. Lakini ni lazima aondoe theluji inayoziba bomba la moshi. Asipofanya hivyo, hewa ya sumu huingia ndani ya gari na kumwua. Hewa hiyo haina harufu.

Ijumaa dhoruba inakwisha. Watu wanatoa theluji mlangoni kwa sepetu. Kazi hii ni nzito, na baridi hubana mishipa ya damu. Wenye ugonjwa wa moyo huweza kuanguka na kufa. Hao huambiwa wawaachie wengine kazi hiyo.

Jumamosi jua linarudi. Mwanga wake unapiga theluji nyeupe na kuumiza macho. Watu huvaa miwani ya jua.

Jumapili theluji inayeyuka kwa haraka. Mito inajaa.

Mwaka 1997 mambo ya namna hii yalitokea kweli. Mwanzoni mwa Aprili mvua ilinyesha, kisha ikaja dhoruba kubwa ya theluji. Theluji ilipoyeyuka, Mto Red ulifurika. Mto huu hutiririka kuelekea kaskazini. Kwa hiyo maji ya kusini huyeyuka kwanza, na mbele yake hukuta mto bado una barafu. Karibu watu wote wa mji wa Grand Forks, wapatao 50,000, walihama nyumba zao. Mji ulikosa maji salama ya bomba kwa muda, maana hata mtambo wa kusafisha maji ulifurikiwa.

HABARI ZA HAZEL MINER

Tarehe 15 Machi, mwaka 1920, msichana aitwaye Hazel Miner alikuwa shuleni karibu na mji mdogo wa Center, North Dakota. Umri wake ulikuwa miaka 15. Shuleni hapo walikuwapo pia wadogo zake wawili, Emmet na Myrdith. Siku zile theluji ilikuwa imeanza kuyeyuka. Kisha dhoruba ikaja.

Baba yao alikuja na farasi kuwachukua. Aliwapandisha watoto kwenye gari la theluji linalovutwa na farasi. Akawaambia wangoje wakati yeye anamchukua farasi wake mwingine. Farasi wa watoto hakungoja. Aliondoka, na watoto wakapotelea ndani ya dhoruba.

Njiani Hazel alishuka ili atengeneze kamba za farasi. Alizama katika theluji iliyokuwa imeyeyuka, akalowa hadi kiunoni. Baadaye gari lilipinduka. Watoto wakajificha chini yake.

Hazel aliwatandikia wadogo zake mablanketi na kuwafunika. Aliwafunika pia kwa koti lake na kwa mwili wake. Aliwaambia wasilale. Aliwasimulia hadithi, akaimba nao, akawahimiza wachezeshe mikono na miguu. Alifanya hivyo usiku kucha.

Waliotafuta waliwakuta siku ya pili mchana. Emmet na Myrdith walikuwa hai. Hazel alikuwa amekufa. Katika dhoruba ile, iliyoendelea hadi tarehe 18, watu 34 walikufa katika jimbo hilo. Mwaka 1936 jiwe la kumbukumbu ya Hazel liliwekwa huko Center.

Tufikiri pamoja. Watoto wote watatu walikuwa mahali pamoja, katika baridi ile ile. Wawili walikuwa wakavu na wamefunikwa. Mmoja alikuwa amelowa na hakufunikwa. Aliyelowa ndiye aliyekufa.

MWILI HUPOTEZAJE JOTO?

Joto la mwili wa mtu mzima wa afya ni karibu nyuzi 37 za sentigredi. Likishuka chini ya nyuzi 35, mtu yuko katika hatari.

Upepo huondoa joto. Sote tunajua hivyo, kwa sababu tukitaka uji upoe tunaupuliza. Upepo humpuliza mtu vivyo hivyo.

Maji pia huondoa joto. Mtungi wa udongo hutoa jasho nje, na maji ya ndani yakapoa. Nguo iliyolowa huupoza mwili namna hiyo hiyo. Upepo na maji vikija pamoja, joto hutoka upesi sana.

DALILI ZA MTU ALIYEZIDIWA NA BARIDI

1. Anatetemeka sana.
2. Vidole vyake vinakuwa vizito. Hawezi kufunga kifungo.
3. Maneno yake yanakuwa mazito kama ya mlevi.
4. Anajikwaa, anachanganyikiwa, anataka kulala.
5. Mwishoni anaacha kutetemeka. Tusifurahi tuonapo hivyo. Si kwamba amepona. Mwili wake umeishiwa nguvu.

TUMSAIDIEJE?

Kwanza, mwondoe kwenye upepo na mvua. Mlaze mahali pakavu, juu ya mkeka au blanketi, si juu ya ardhi tupu.

Pili, mvue nguo zilizolowa. Mkaushe. Mvike nguo kavu na umfunike, pamoja na kichwa.

Tatu, mpashe joto kifuani, shingoni na kichwani kwanza. Usianze na mikono na miguu. Mtu mwingine mwenye joto anaweza kulala naye chini ya blanketi moja.

Nne, kama ana fahamu na anaweza kumeza, mpe chai ya moto kiasi yenye sukari, au uji.

Tano, usimsugue wala kumtikisa. Mbebe polepole. Mpeleke zahanati au hospitali upesi.

Sita, usimpe pombe. Pombe humfanya ajisikie ana joto, lakini hufungua mishipa ya ngozini na joto lake likatoka nje.

Mtu aliyepoa sana anaweza kuonekana kama amekufa, kumbe bado yu hai. Tusikate tamaa mapema. Tuendelee kumpasha joto mpaka mganga amwone.

NA SISI HUKU?

Huku kwetu theluji haianguki vijijini. Lakini Makete na Njombe zina baridi, na mwezi wa Juni na Julai umande huweza kuganda asubuhi. Mchungaji aliyelowa kwa mvua mlimani yuko katika hatari. Mvuvi aliyepinduliwa na mtumbwi usiku yuko katika hatari vilevile. Kila mmoja abebe nguo kavu moja ndani ya mfuko usiopitisha maji. Nguo hiyo inaweza kuokoa maisha.

Mtoto mchanga yuko katika hatari kuliko wote, hata katika sehemu za joto. Yeye huzaliwa akiwa amelowa. Wafugaji wa nyanda za kaskazini hukimbilia kumkausha ndama aliyezaliwa kwenye upepo, na wengine humwingiza hata ndani ya nyumba. Je, mtoto wetu si zaidi ya ndama? Akizaliwa tu, akaushwe mara moja. Alazwe kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi. Avikwe kofia na kufunikwa. Anyonye mapema. Asiogeshwe kabla ya saa 24 kupita.

Tena tukumbuke ile hewa ya sumu ya gari lililokwama. Jiko la mkaa hutoa hewa hiyo hiyo. Usilale na jiko la mkaa linalowaka ndani ya chumba kilichofungwa, hata kama baridi ni kali namna gani.

Ndugu msomaji, jua la asubuhi lisikudanganye. Ukienda mbali, chukua nguo ya kujikinga. Ukilowa, jikaushe kwanza, kazi ifuate.

MASWALI YA MAZUNGUMZO KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini hali ya hewa ya nyanda za kaskazini hubadilika upesi?
2. Kwa nini Hazel alikufa na wadogo zake wakapona?
3. Taja dalili tatu za mtu aliyezidiwa na baridi.
4. Kuna desturi gani kijijini kwetu za kumwogesha mtoto mchanga? Zipi zibaki na zipi zibadilike?
5. Ni kazi zipi hapa kwetu zinazomfanya mtu alowe akiwa mbali na nyumba? Tufanye nini?

MANENO MAPYA

Theluji: maji yaliyoganda angani na kuanguka kama pamba nyeupe.
Dhoruba: upepo mkali sana pamoja na mvua au theluji.
Machipuko: majira ambayo majani huanza kuota baada ya baridi kali.
Kigeugeu: kitu kisichotulia katika hali moja.