Macho Hudanganywa na Mteremko

Macho hupeleka habari kwenye ubongo. Ubongo ndio unaoamua maana yake. Mara nyingine huamua vibaya.

Huko Machakos, nchini Kenya, kipo kilima cha Kituluni. Maji yakimwagwa barabarani, huonekana kama yanapanda. Kumbe yanateremka! Miinuko ya kando imeudanganya ubongo.

Hapa Rangwi pia milima imetuzunguka. Ukichimba tuta la kukinga maji kwa kukisia, utaliona liko sawa, kumbe upande mmoja uko chini. Mvua ikinyesha, maji hukusanyika hapo. Hubomoa tuta na kuchukua udongo.

Basi tumia kipimo. Funga miti mitatu kama herufi A. Miguu miwili iwe na urefu sawa. Ning'iniza jiwe kwa kamba kutoka juu. Simamisha kipimo. Tia alama pale kamba inapogusa mti wa kati. Kisha geuza kipimo, kila mguu ukae mahali pa mwenzake. Tia alama ya pili. Kamba ikikaa katikati ya alama hizo, miguu iko sawasawa.

Maswali
1. Kwa nini maji ya Kituluni huonekana kama yanapanda?
2. Tuta lisilopimwa huleta hasara gani?