Ninunue Hisa za Twiga au za Simba?



Katika darsa letu la fiqhi ya biashara, kijana mmoja wa Vidunda aliyeuza miwa na kubakiwa na akiba aliniuliza: "Ustadhi, ninunue Twiga au Simba?" Wenzake waliangua kicheko, kwani sisi tunaopakana na hifadhi ya Mikumi tumezoea kupishana na wanyama hao barabarani. Yeye alikusudia viwanda vya saruji: Twiga cha Wazo Hill na Simba cha Pongwe, Tanga. Hisa za Simba ziliingia Soko la Hisa la Dar es Salaam mwaka 2002, na za Twiga mwaka 2006.

Alitaka nimtabirie mshindi. Hiyo si kazi ya fiqhi, na anayenunua hisa kwa kubahatisha nani atamshinda mwenzake amekwishasogelea mlango wa kamari. Hisa ni sharika. Ukinunua hata hisa kumi, sehemu ya mitambo ni yako, na sehemu ya deni ni yako vile vile.

Wengi wetu tunapopima kampuni tunaishia kwenye bidhaa. Bia haramu, sigara tunaziepuka, saruji halali, basi tumemaliza. Lakini viwanda viwili vinaweza kutoa mfuko ule ule wa saruji huku hukumu za hisa zake zikitofautiana. Simba ilijenga tanuru la pili, lililokamilika mwaka 2016, kwa mkopo mkubwa wa riba, na miaka iliyofuata ikapata hasara. Aliyekuwa na hisa zake wakati huo alikuwa mshirika katika kulipa riba, apende asipende. Na tunajua kwamba Mtume (s.a.w) hakumlaani mla riba peke yake, bali na mwenye kuilipa.

Hapa wanazuoni wametofautiana. Baraza la Kimataifa la Fiqhi lililokaa Jeddah mwaka 1992 lilisema kwamba asili ya kununua hisa za kampuni inayoingia katika riba mara kwa mara ni haramu, hata kama kazi yake ni halali. Taasisi ya AAOIFI ya Bahrain nayo imekubali asili hiyo, kisha ikatoa ruhusa kwa masharti: mikopo ya riba isizidi asilimia 30 ya thamani ya hisa zote sokoni, pato la haramu lisizidi asilimia 5, na mwenye hisa atoe sehemu hiyo chafu bila kutarajia thawabu ya sadaka. Wanaoshika ruhusa hii mara nyingi huyasahau masharti.

Mimi, kusema kweli, kipimo hicho hakinitulizi. Bei ya hisa ikianguka, deni lile lile la jana linavuka asilimia 30 bila kampuni kukopa hata shilingi. Na wanaotegemea hadithi ya Saad bin Abi Waqqas juu ya theluthi wakumbuke kwamba ile ilihusu wasia.

"Basi ninunue zote mbili," akasema kijana. Kugawa mtaji si kosa, bali ni busara. Ila washindani nao huungana. Mwaka 2021 Scancem, yenye hisa nyingi za Twiga, ilitangaza kununua asilimia 68.33 ya Simba. Septemba 2022 Baraza la Ushindani likazuia, mwaka 2023 ununuzi ukapita, na baadaye hisa hizo zikaishia kwa Amsons, kampuni ya hapa nchini iliyonunua pia Bamburi ya Kenya mwaka 2024. Kama saruji ingebaki mikononi mwa mmoja, mwenye hisa angefurahia bei kupanda, huku msikiti wake mwenyewe ukikwama kwenye lenta. Mtume (s.a.w) alikataza kuhodhi bidhaa ili bei ipande, na sioni vipi Muislamu aombe faida ya namna hiyo.

Nilimwambia alete taarifa za fedha za mwaka za kampuni zote mbili, kwani hutangazwa kwa umma. Tutaanza na ukurasa wa madeni, kisha riba iliyolipwa na iliyopokewa benki. Gawio tutalitazama mwisho. Akiona shaka haimtoki, pale Kidodi kuna jirani anayetafuta mshirika wa shamba la miwa, na mkataba wake wa mudharaba tunaweza kuuandika wenyewe.