"Preembrio": neno moja na maana yake

Katika mafundisho ya ndoa katekista hukutana na wauguzi na walimu waliosoma elimu ya viumbe. Pengine mmoja wao atamwuliza: "Je, siku za kwanza za mimba kuna kiinitete, au kuna preembrio tu?" Ili ajibu vema, yampasa kujua neno hilo lilitoka wapi na lamaanisha nini.

1. Siku za kwanza tumboni

Mbegu ya mume ikiungana na yai la mke katika mrija wa uzazi, hupatikana chembe moja iitwayo zigoti. Chembe hiyo hugawanyika kuwa mbili, kisha nne, kisha nane na zaidi, huku ikisafiri kwenda katika tumbo la uzazi. Yapata siku ya 5 imekuwa kama kifuko kidogo: chembe za nje zitasaidia kujenga kondo la nyuma, na fungu la ndani litajenga mwili. Siku ya 6 au ya 7 kifuko hicho chaanza kujishika katika ukuta wa tumbo la uzazi. Yapata siku ya 14 au 15 huonekana mstari mwembamba, alama ya kwanza ya mwelekeo wa mwili: huku kichwa, huku upande wa miguu.

Kwa desturi wataalamu hukiita kiumbe hiki embrio, yaani kiinitete, toka kutungwa kwake hata mwisho wa juma la 8; baadaye huitwa kijusi. Embrio ni neno la asili ya Kigiriki, maana yake kikuacho ndani.

2. Neno jipya

Tarehe 25 Julai 1978, huko Oldham, Uingereza, alizaliwa Louise Brown, mtoto wa kwanza aliyetungwa nje ya mwili wa mama. Toka hapo likaja swali zito: viinitete vilivyomo katika vyombo vya kioo, je, ni halali kuvitumia kwa uchunguzi?

Mwaka 1979 Clifford Grobstein, mtaalamu wa Marekani, akatumia neno "preembrio", yaani kilicho kabla ya embrio, kwa siku 14 za kwanza hivi. Mwaka 1984 kamati ya Uingereza iliyoongozwa na Mary Warnock ilishauri uchunguzi usipite siku 14. Yenyewe iliandika "embrio". Wengine waliotetea uchunguzi walishika neno jipya. Lakini sheria ya Uingereza ya mwaka 1990 ilirudia "embrio".

3. Sababu zao zapimwa

Waliolipenda neno hilo walitoa sababu tatu.

Ya kwanza: chembe nyingi za siku hizo huenda kwenye kondo, si kwenye mwili. Ni kweli. Lakini fungu litakalojenga mwili halitoki kwingine. Limo mumo humo.

Ya pili: kabla ya ule mstari, kiinitete chaweza kugawanyika kuwa mapacha. Hii ndiyo sababu nzito, na wenye hekima wangali wakiijadili. Walakini, kinachogawanyika ni lazima kwanza kiwepo.

Ya tatu: viinitete vingi hufa kabla mama hajajua. Ni kweli pia. Lakini kufa mapema hakubadili asili ya kilichokufa.

Basi, ubaya wa neno ni huu: kiungo kidogo "pre" chajibu swali kabla halijahojiwa. Anayesikia "kabla ya kiinitete" hudhani elimu imekwisha kuthibitisha kwamba hakuna kiinitete bado. Ronan O'Rahilly na Fabiola Müller, mabingwa wa elimu hiyo, walilikataa neno hili kwa kuwa si sahihi wala halina mpaka ulio wazi. Atakaye kutaja siku hizo aseme "kiinitete kabla ya kujishika": hapo "kabla" yahusu tendo lililo wazi, wala haikanushi kiumbe.

4. Fundisho la Eklezia

Katika hati Donum vitae ya mwaka 1987, Eklezia yataja zigoti, preembrio, embrio na kijusi, ikieleza kwamba maneno hayo yote yana uzito mmoja katika maadili. Haikatazi mtaalamu kutofautisha vipindi vya ukuaji; yakataa heshima ipimwe kwa jina la kipindi. Kiumbe huyo apaswa kuheshimiwa kama mtu tangu kutungwa kwake.

5. Shauri kwa katekista

Usimkaripie muuguzi atumiaye neno hili. Pengine alilikuta kitabuni. Mwulize kwa upole: "Kabla ya nini?" Naye mama aliyepoteza mimba changa usimwambie, "Hakikuwa kitu bado." Huzuni yake ina sababu. Mkulima huijua punje iliyochipua chini ya udongo kuwa ni muhindi, ingawa hajaona jani lake.

Maulizo

1. Embrio maana yake nini?
2. Nani alitumia neno "preembrio" mwaka 1979, na kwa siku zipi?
3. Taja sababu tatu za waliolipenda, na jibu la kila moja.
4. Kuna tofauti gani kati ya "preembrio" na "kiinitete kabla ya kujishika"?