Pembe Sawa katika Pembetatu na Msambamba: Istilahi na Ithibati

Utangulizi

Makala haya yanajadili namna ya kubainisha pembe zilizo sawa katika pembetatu na msambamba, pamoja na mchango wa istilahi za Kiswahili katika kazi hiyo. Huko Mjambere, Kisauni, mtoto aliyelelewa kwa Kiswahili husomeshwa Hisabati kwa Kiingereza kuanzia Gredi ya 4. Nchini Tanzania, shule nyingi za msingi za umma hulifundisha somo hilo kwa Kiswahili. Istilahi, basi, zipo. Linalofaa kuulizwa ni iwapo zinamsaidia mwanafunzi kufikiri.

Pembetatu pacha

Mfano mwafaka ni paa la makuti. Makombamoyo mawili yenye urefu sawa yakikutana juu, na ncha zake za chini zikaunganishwa kwa boriti, hupatikana pembetatu pacha. Istilahi hii hudokeza pande mbili zilizo sawa. Kuhusu pembe haisemi lolote. Uzi ukinyooshwa kutoka kileleni hadi katikati ya boriti, hutokea pembetatu mbili ambazo pande zake zote tatu zinalingana. Kwa hiyo pembe mbili za kitakoni ni sawa. Ile ya kileleni ikiwa nyuzi 100, husalia nyuzi 80 kati ya 180, na kila moja ya kitakoni huwa nyuzi 40.

Msambamba

Jina hili limetokana na neno sambamba, nalo hueleza kwamba pande zinazoelekeana haziwezi kukutana kamwe. Fremu ya mlango ambayo haijakazwa misumari, ikisukumwa, hulala na kuwa msambamba. Ulalo, yaani mstari uunganishao kona mbili zinazoelekeana, hukutana na pande sambamba kwa pembe zilizo sawa, hivyo huugawa msambamba katika pembetatu mbili zinazolingana. Matokeo yake ni kwamba pembe zinazoelekeana ni sawa, na zilizo jirani hujumlisha nyuzi 180. Moja ikiwa nyuzi 70, inayoielekea ni 70, na mbili zilizobaki ni 110 kila moja.

Hitimisho

Euclid alithibitisha kanuni hizi mnamo mwaka 300 K.K. Istilahi si ithibati: pacha na sambamba hutaja pande tu, na usawa wa pembe sharti uthibitishwe. Hata hivyo, humkabidhi mwanafunzi hatua ya kwanza ya hoja kwa neno alilolijua kabla ya kuingia darasani. Mwalimu anayelipuuza neno hilo humwachia mwanafunzi jina la kukariri pasipo hoja ya kuanzia.