Bahati Nasibu ya Waingereza na Michezo ya Shule

Katika somo la Uraia muhula huu, kijana mmoja wa Kidato cha Tatu aliuliza swali lililochekesha darasa zima. Aliuliza: "Mwalimu, ikiwa serikali haina fedha za kununulia shule mipira, kwa nini isichezeshe bahati nasibu?" Wenzake walicheka, mimi sikucheka. Nilimwahidi jibu la maandishi, nalo ndilo hili. Nimechukua mfano wa Uingereza kwa sababu wenzetu wa huko wamelifanya jambo hilo kwa miaka mingi, na hesabu zake zajulikana.

Kwanza yafaa tufahamu kwamba si jambo jipya kwao. Malkia Elizabeth wa Kwanza alichezesha bahati nasibu mwaka wa 1569 ili apate fedha za kutengeneza bandari. Tena mwaka wa 1753 Bunge lilitaka kuununua mkusanyo wa vitabu na vitu vya thamani ulioachwa na tabibu Hans Sloane. Zikauzwa tikiti 100,000 za pauni 3 kila moja. Katika pauni 300,000 zilizopatikana, 200,000 zilirudi kwa wachezaji kuwa zawadi, na kutokana na zilizosalia likazaliwa lile jumba kubwa la makumbusho liitwalo British Museum. Walanguzi nao hawakukosa sehemu yao, maana walizinunua tikiti kwa wingi wakaziuza kwa bei ya juu. Kwa sababu ya hila za namna hiyo bahati nasibu za serikali zilifungwa mwaka wa 1826.

Baada ya hapo ukapita muda wa miaka mia moja na sitini na zaidi. Mwaka wa 1993, Bwana John Major akiwa Waziri Mkuu, Bunge lilipitisha sheria ya Bahati Nasibu ya Taifa, na mchezo wa kwanza ukafanywa tarehe 19 Novemba, 1994. Tikiti iliuzwa pauni moja. Sasa tuigawe pauni hiyo, maana hapa ndipo wengi hukosea. Pauni ina peni 100. Katika miaka ile ya kwanza, peni 50 hivi zilikwenda kwenye zawadi, 12 zikaenda Hazina kama kodi, 5 kwa mwenye duka, 5 hivi kwa kampuni iliyoendesha mchezo, na 28 zikawekwa kwa kile walichokiita mambo mema. Mambo mema hayo yalikuwa matano: sanaa, michezo, urithi wa kale, misaada kwa wenye shida, na sherehe za mwaka wa 2000.

Basi mtu akisema, "Nimenunua tikiti ili kuwasaidia watoto wacheze mpira," mjue kwamba peni 28 tu ndizo zilizokwenda kwenye mambo hayo matano yote pamoja. Na kama nia yake ilikuwa kutajirika, alipaswa kubahatisha namba 6 katika 49. Hesabuni wenyewe: kuna njia 13,983,816 za kuzichagua, na inayoshinda ni moja tu. Mwaka wa 2015 namba zikaongezwa hadi 59, na njia zikawa zaidi ya milioni 45. Wamethodisti wa huko waliipinga tangu mwanzo wakisema ni kamari, na wazazi wetu wengi, Waislamu na Wakristo, watasema vivyo hivyo. Mimi sitagombana nao. Tangu mwaka wa 2021 hata sheria ya Uingereza haimruhusu kijana aliye chini ya miaka 18 kununua tikiti. Kabla ya hapo ilikuwa miaka 16.

Serikali ilitoa ahadi moja kubwa, nayo ndiyo kiini cha somo hili. Ilisema fedha za bahati nasibu zitakuwa za ziada. Yaani, kodi itaendelea kulipia mambo ya lazima, na bahati nasibu itaongeza juu yake yale ambayo kodi haiwezi kuyafikia. Ni kama mama mwenye nyumba ambaye unga na kuni hununuliwa kwa mshahara wa baba, na akipata kitu sokoni hununua samaki. Hapana ubaya. Ubaya huanza pale baba anapoona samaki mezani, akapunguza fedha ya unga.

Tuanze na sanaa. Mwanzoni fedha nyingi za bahati nasibu zilitolewa kwa majengo tu, hazikutolewa kwa mishahara wala maonyesho. Jumba la opera la London, Royal Opera House, liliahidiwa pauni milioni 78.5 mwaka wa 1995, na watu wakanung'unika kuwa tikiti za wanyonge zinajenga jumba la matajiri. Manung'uniko hayo yalikuwa na msingi, kwani maskini hutoa katika bahati nasibu sehemu kubwa zaidi ya pato lake kuliko tajiri. Lakini tuwe waadilifu. Sanamu kubwa ya chuma yenye mabawa iliyosimamishwa Gateshead mwaka wa 1998, iitwayo Angel of the North, iligharimu pauni laki nane hivi, nyingi zikiwa za bahati nasibu, na mtu yeyote aweza kuitazama bila kulipa hata senti. Kwa upande mwingine, huko Sheffield lilifunguliwa jumba la muziki wa kisasa mwaka wa 1999, lililopewa pauni milioni 11 za bahati nasibu. Wageni walikuwa wachache kuliko ilivyotazamiwa, na mwaka uliofuata, 2000, likafungwa. Kuta zilikuwapo na paa lilikuwapo, lakini fedha ya kuliendesha siku kwa siku haikupatikana.

Sasa twende viwanjani. Katika michezo ya Olimpiki ya Atlanta, mwaka wa 1996, Uingereza ilirudi na nishani moja tu ya dhahabu, ya Bwana Redgrave na Bwana Pinsent katika kupiga makasia, ikawa ya 36 katika orodha ya mataifa. Ilikuwa aibu kubwa. Tangu mwaka wa 1997 fedha za bahati nasibu zikaanza kuwalipa wachezaji bora ili wafanye mazoezi bila kuhangaikia riziki, pamoja na walimu wao na matabibu wao. Matokeo yake yalionekana upesi: dhahabu 11 huko Sydney mwaka wa 2000, 19 huko Beijing mwaka wa 2008, na 29 mjini kwao London mwaka wa 2012. Anayesema fedha hizo hazikufanya kazi hajui kuhesabu.

Ila nishani hazikuwa na mizizi sawa kila mahali. Katika washindi wa Uingereza mwaka wa 2012, zaidi ya theluthi moja walikuwa wamesoma katika shule za kulipia, ingawa shule hizo hufundisha watoto 7 tu katika kila 100. Wengine 93 walikuwa wapi? Wengi wao walikuwa katika shule za serikali, na baadhi ya shule hizo zilikuwa zimeuza viwanja vyao katika miaka ya 1980 na 1990 ili zipate fedha. Sheria ya mwaka wa 1998 ndiyo iliyotaka kiwanja cha shule kisiuzwe bila idhini ya waziri.

Mtauliza, je, bahati nasibu haikuzisaidia shule? Ilizisaidia. Mwaka wa 1998 sheria iliongeza jambo jema la sita, likihusu afya, elimu na mazingira. Kutokana na fungu hilo pauni milioni 750 zilitengwa kwa kujenga na kutengeneza kumbi na viwanja vya michezo vya shule katika Uingereza nzima. Baadhi ya watu waliuliza tangu siku hiyo: elimu si kazi ya kodi? Imekuwaje sasa ni ya ziada?

Pamoja na majengo hayo serikali ilianzisha ushirikiano wa michezo baina ya shule, ambao ulifikia makundi 450 kote England. Huu ulilipiwa na kodi, pauni milioni 162 kwa mwaka. Kazi yake haikuwa ya kupigwa picha. Mwalimu wa michezo wa sekondari aliondolewa darasani siku kadhaa, akaenda katika shule za msingi zilizo jirani, akawafundisha walimu wa pale, akapanga mashindano, akatafuta kocha wa mchezo ambao watoto hawajauona. Kwa njia hiyo hata mtoto mzito wa mwili, asiyetamani kukimbia, alitafutiwa mchezo wake.

Mwezi wa Oktoba, 2010, serikali mpya ilipokuwa ikipunguza matumizi, Waziri wa Elimu, Bwana Michael Gove, alitangaza kuufuta mpango huo. Kumbukeni London ilikuwa ikijiandaa kwa Olimpiki ya 2012, na zaidi ya pauni bilioni 2 za bahati nasibu zilikwisha wekwa upande huo. Walimu, wanafunzi na wanariadha mashuhuri walipiga kelele. Mwezi wa Desemba waziri akarudi nyuma nusu ya njia: mpango uendelee hadi mwisho wa muhula wa kiangazi wa 2011, kisha pauni milioni 65 zitolewe ili kila shule ya sekondari imwachie mwalimu mmoja siku moja kwa juma. Mwaka wa 2013 ikaja fedha nyingine, pauni milioni 150 kwa mwaka, ikipelekwa moja kwa moja kwa walimu wakuu wa shule za msingi. Na mwaka wa 2017 ikafikishwa milioni 320, kwa kutegemea kodi ya vinywaji vyenye sukari iliyoanza kutozwa mwaka wa 2018. Kwa hiyo fedha zilirudi. Lakini makundi mengi yalikwisha vunjika, na mwalimu aliyehamishiwa kazi nyingine hakuwa akingoja mlangoni.

Angalieni pia kwamba bahati nasibu yenyewe haikuweza kuziba pengo hilo hata kama ingetaka. Mauzo yake yalifika pauni bilioni 5.5 hivi katika mwaka wa 1997 na 1998, yakashuka hadi bilioni 4.6 hivi miaka mitano baadaye, kwa sababu watu walichoka. Ukumbi waweza kuujenga kwa fedha ya namna hiyo. Mwalimu hulipwa kila mwisho wa mwezi, watu wamechoka au hawakuchoka.

Karibu nasi, Kenya iliunda mwaka wa 2018 Mfuko wa Michezo, Sanaa na Maendeleo ya Jamii, ukilishwa na kodi za michezo ya kubahatisha. Kwa hiyo swali la kijana wetu si la kuchekwa. Ningemjibu hivi: bahati nasibu yaweza kununua mipira. Kabla ya kuikubali, muulize mwenye kuileta ni nani atakayemlipa anayepuliza kipenga mwaka wa tano, na kama jibu lake limeandikwa katika makisio ya serikali au liko mdomoni tu.

Kazi ya kufanya nyumbani. (1) Mtu akinunua tikiti moja kila juma katika mchezo wa namba 49, itapita miaka mingapi kabla hajanunua tikiti 13,983,816? (2) Akinunua tikiti za pauni 52 kwa mwaka, ni kiasi gani kilichokwenda kwenye mambo mema, na ni kiasi gani kwa Hazina? (3) Kwa Kidato cha Tatu: andikeni orodha ya vitu vya michezo vya shule yetu vinavyonunuliwa mara moja, na nyingine ya vile vinavyohitaji fedha kila muhula. Orodha zote ziletwe kwangu kabla ya juma la mitihani, kwa maana nitazihitaji katika mkutano wa wazazi.