Kumfuga Airedale katika nchi ya chai: mwongozo kwa familia za Kericho na Bomet

Mbwa wengi wa maboma yetu hawakuchaguliwa. Walizaliwa kwa jirani, wakabebwa kwa gunia hadi nyumbani, wakakulia nyuma ya jiko kwa ugali uliobaki. Mbwa wa aina maalumu ni jambo jingine. Anagharimu pesa, na zaidi ya pesa anadai muda wako kila siku kwa zaidi ya miaka kumi. Ikiwa familia yako inamfikiria Airedale, soma mwongozo huu kabla ya kutoa hata shilingi moja.

Airedale ni mbwa wa namna gani?

Asili yake ni bonde la mto Aire, eneo la Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza. Katikati ya karne ya 19, watu wa huko walichanganya teria, yaani mbwa wadogo wa kukimbiza panya na wanyama wa mashimoni, na mbwa wakubwa wa kuwinda fisimaji. Wakapata teria mkubwa kuliko wote. Akisimama, bega lake hufika sentimita 56 hadi 61, na uzito wake huwa kati ya kilo 20 na 30. Mgongo ni mweusi, kichwa na miguu ni kahawia, na kidevuni ana ndevu. Kwa wastani huishi miaka 10 hadi 13.

Ana akili sana na ni jasiri. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, jeshi la Uingereza lilimtumia kupeleka ujumbe kwenye mstari wa mbele. Lakini akili hiyo ina madai yake: asipopewa kazi, hujitafutia mwenyewe. Atachimba, atatafuna viatu, atafukuza kuku.

Je, ataiweza baridi yetu?

Ataiweza vizuri. Mji wa Kericho uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na kwao Yorkshire pia ni baridi na mvua. Ana manyoya ya tabaka mbili: ya juu magumu, ya chini laini ya kumpa joto. Kinachomsumbua ni unyevu usiokauka. Akilala na maji mwilini siku baada ya siku, ngozi huwasha na masikio huoza.

Mjengee kibanda cha mbao kilichoinuliwa juu ya mawe, angalau sentimita 15 kutoka ardhini, ili maji yapite chini. Kiwe na nafasi ya yeye kusimama, kugeuka na kulala amejinyoosha, kisizidi sana hapo, maana kibanda kikubwa hakishiki joto. Mlango uelekee upande usiopigwa na mvua. Ukiezeka kwa mabati, weka dari ya mbao au kadibodi chini yake. Kericho ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa na mvua ya mawe mara nyingi zaidi duniani, na kelele za mawe juu ya bati tupu humtia mbwa hofu. Tandika nyasi kavu au magunia safi, na ubadilishe kila wiki.

Nitampata wapi?

Airedale ni adimu nchini Kenya, kwa hiyo jiandae kusubiri. Anza kwa kuwasiliana na East Africa Kennel Club, chama cha wafugaji kilichoko Nairobi ambacho huandikisha mbwa wa aina maalumu na kuandaa maonyesho yao. Waulize kama wanamjua mfugaji aliye na Airedale.

Ukimpata mfugaji, nenda mwenyewe. Omba kumwona mama wa mtoto, mahali wanapolala, cheti cha uandikishaji na kadi ya chanjo iliyotiwa sahihi na daktari wa mifugo. Uliza kama wazazi wana shida ya nyonga, maana Airedale anaweza kuirithi. Usimchukue mtoto aliye chini ya wiki 8. Na usimtumie pesa kwa simu mtu ambaye hujamwona, hata kama picha zake zinavutia.

Usipompata, usikate tamaa. Mbwa wa kienyeji aliyechanjwa na kufunzwa ni mlinzi na rafiki mzuri, na karibu kila kitu kilichoandikwa hapa kinamhusu pia.

Niulize nani kabla ya kumleta?

Ikiwa unaishi kwenye nyumba za kampuni ya chai, muulize kwanza msimamizi wa kijiji chenu, maana baadhi ya mashamba yana masharti kuhusu mbwa. Ikiwa una shamba lako, angalia njia. Wachumaji hupita alfajiri na vikapu mgongoni, na mchana hupeleka majani kwenye kituo cha kununulia. Mbwa anayewarukia atakuletea kesi na uadui. Zungushia boma waya wa wavu, kisha uzike ukingo wake wa chini ardhini, kwa sababu teria huchimba. Ua wa miti peke yake hautoshi, atapenya.

Usimfunge mnyororo mchana na usiku. Mbwa wa mnyororo huwa mkali asiyebagua, na mtoto wako ndiye atakayekuwa karibu naye siku atakapouma.

Ni chanjo zipi, na lini?

Mtoto wa mbwa huchanjwa mara ya kwanza akiwa na wiki 6 hadi 8. Chanjo hii humkinga na magonjwa kadhaa, ukiwemo parvo, ugonjwa wa kutapika na kuharisha damu unaoua watoto wa mbwa kwa siku chache. Hurudiwa kila baada ya wiki 3 au 4 hadi afikishe wiki 16. Akifika miezi 3, huchanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa, na chanjo hiyo hurudiwa kila mwaka maisha yake yote.

Hii ya kichaa haina mjadala. Serikali inakadiria kwamba watu wapatao 2,000 hufa kwa kichaa cha mbwa nchini Kenya kila mwaka, na mkakati wa taifa wa 2014 hadi 2030 unalenga kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa. Dalili zikishaanza kwa mtu, ni vigumu mno kumwokoa.

Chanjo hupatikana kwa daktari wa mifugo wa kaunti ndogo au kliniki ya binafsi. Kampeni za umma mara nyingi huwa bure, hasa karibu na tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, kwa hiyo sikiliza redio na matangazo ya chifu. Kliniki za binafsi hutoza, na bei hutofautiana: uliza kwanza, na uliza kama ada ya daktari kuja nyumbani imo ndani. Hakikisha anayemdunga amesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya. Ni haki yako kuuliza nambari yake.

Mbwa akimuuma mtu tufanye nini?

Osha jeraha papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, bila kufupisha. Usipake majivu, mafuta wala dawa za mitishamba. Kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo, kwa mfano Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Kericho, au Longisa na Tenwek upande wa Bomet. Ukiweza, piga simu kwanza kuuliza kama chanjo ipo. Mtu hupewa dozi nne au tano kwa tarehe maalumu, na kila moja inaweza kupita Sh1,000. Mbwa asiuawe haraka: afungiwe, na daktari wa mifugo amchunguze kwa siku 10.

Atakula nini, na kwa bei gani?

Mtoto wa mbwa hula mara tatu au nne kwa siku, mkubwa mara mbili. Airedale mzima huhitaji takriban gramu 300 hadi 400 za chakula kikavu cha dukani kwa siku, yaani kilo 9 hadi 12 kwa mwezi. Kupiga hesabu ni rahisi: zidisha bei ya kilo moja kwa kumi. Kwa mfano, kilo ikiwa Sh250, tenga Sh2,500 kwa mwezi.

Ukimpikia nyumbani, ugali mtupu hautoshi. Nusu ya chakula iwe ugali au wali, nusu nyingine matumbo yaliyopikwa, omena au mayai, na mboga kidogo. Kitunguu, chokoleti na zabibu ni sumu kwake. Mifupa ya kuku iliyopikwa huvunjika vipande vikali vinavyotoboa utumbo. Mahindi yaliyoota ukungu usimpe kamwe. Sumu ya ukungu huo, aflatoksini, iliua watu 125 nchini Kenya mwaka 2004, na mbwa hudhurika nayo upesi.

Mnapochinja, msimtupie maini au mapafu mabichi yenye malengelenge. Humo mna lava, yaani vitoto, vya tegu mdogo ambaye kupitia mbwa humrudia binadamu na kumwotesha uvimbe wenye maji kwenye ini au mapafu. Yazike au uyachome. Mpe mbwa dawa ya minyoo inayoua pia tegu kila baada ya miezi 3. Inapatikana kwenye agroveti, na kipimo hutegemea uzito wake.

Nimfunze vipi?

Samaki mkunje angali mbichi. Anza siku anayofika, dakika 5 hadi 10 asubuhi na jioni. Tumia neno moja kwa jambo moja, na familia nzima ilitumie hilo hilo. Baba akisema "kaa" na mama akisema "tulia", mbwa hatajua amtii nani.

Kazi kubwa hapa kwetu ni kumzoesha kuku na ndama. Mfunge kamba ya mita tatu, kaa naye uani wakati kuku wanadonoa, na mfukoni uwe na omena. Akimkodolea kuku macho, mwite jina. Akikugeukia, mpe omena moja papo hapo. Akivuta kamba, simama kimya hadi ailegeze, kisha msogee mbali kidogo na uanze tena. Fanya hivyo kila siku kwa wiki kadhaa. Usimchape: Airedale anayechapwa hujifunza kufukuza kuku ukiwa haupo.

Anahitaji matembezi ya saa moja kila siku, kwa kamba, kwenye njia za chai au kando ya barabara ya shamba. Mpe pia mahali pake pa kuchimba, kona yenye udongo laini. Harufu ya fuko itampeleka kwenye kitalu cha miche ukikiacha wazi, basi kizungushie wavu.

Watoto nao wafunzwe. Wasimguse anapokula au kulala, wasimvute ndevu wala masikio. Mtoto wa chini ya miaka 6 asiachwe na mbwa peke yao, hata kama mbwa ni mpole namna gani.

Manyoya yake yatunzwe vipi?

Hadondoshi nywele nyingi, lakini husokotana. Mchane mara mbili kwa wiki. Kila miezi 3 au 4 apunguzwe nywele kwa mashine, kazi unayoweza kujifunza mwenyewe. Wanaompeleka kwenye maonyesho hung'oa nywele zilizokufa kwa vidole, jambo linalochukua muda mrefu na lisilo la lazima kwa mbwa wa nyumbani.

Baada ya kila matembezi, mpanguse kwa kitambaa kikavu, kisha mpapase kwa vidole: nyuma ya masikio, kwapani, chini ya mkia, katikati ya kila kidole. Hapo ndipo kupe na funza hujificha. Kupe humletea homa kali. Ukiona amelegea, fizi zimekuwa nyeupe, au mkojo umekuwa kama turungi, mpeleke kwa daktari siku hiyo. Dawa ya kuogeshea ng'ombe usimpake bila daktari kukupimia, inaweza kumuua. Sumu ya panya nayo iwe mbali, maana teria humla panya aliyekwisha kuila.

Dharura nyingine ni tumbo kujaa gesi ghafla, likiwa gumu, naye akijaribu kutapika bila kutoa kitu. Usingoje asubuhi.

Basi, nimchukue au nisimchukue?

Kaeni chini kama familia na mjibu maswali manne. Nani atatembea naye kila siku, hata msimu wa mvua? Nani atabaki naye watoto wakienda bweni? Pesa ya chakula itatoka wapi kila mwezi? Je, ua umekamilika? Jibu moja likikosekana, ahirisheni. Kwa wanaopeleka majani kwenye viwanda vya KTDA, bonasi huja karibu na Oktoba: tengeni humo pesa ya chanjo na dawa za mwaka mzima kabla ya matumizi mengine. Majibu yote manne yakiwepo, hatua ya kwanza ni kwenda kwa daktari wa mifugo wa eneo lenu, mjuane naye na muulize bei zake. Mfugaji atafuata baadaye.